Tulivyokaa Kimya Miyuji

Kwetu walisema nilizaliwa nikigomba, na kwamba mkunga ndiye mtu wa kwanza niliyemsuta. Huenda ni kweli. Hasira zangu ziko karibu, na ulimi wangu uko karibu zaidi. Ndiyo maana nikiwasimulia watu kwamba kuna wakati nilikuwa naketi sakafuni nikitazama ukuta bila kusema neno, tena kwa hiari yangu, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke tu. Nilikaa kweli, na nilikaa kwa sababu ya mume wangu.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mume wangu alikuwa ofisa katika shirika la umma lililokuwa likinunua mahindi ya wakulima. Biashara ilipofunguliwa, kila mwenye lori akaruhusiwa kununua, mahindi yakahamia soko la Kibaigwa kwa madalali, na shirika likabaki na maghala ya kufugia popo. Wakaanza kupunguza watu. Lisikilize neno lenyewe, kupunguzwa, kana kwamba mtu ni chumvi iliyozidi mchuzini. Naye akapunguzwa, na hakuniambia.

Aliendelea kuoga asubuhi, kuvaa shati nililompigia pasi, kubeba mkoba wake na kuniaga. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, kwa hiyo na mimi nilitoka, na jioni tulirudi wote tumechoka. Nilikuja kujua sokoni, nikichagua nyanya. Mwanamke aliyekuwa akifanya naye kazi alinishika mkono akasema, "Pole, dada. Wametupunguza wote, tutafanyaje." Nikamjibu nimeshapoa, kama mtu anayejua anapewa pole ya nini. Nyanya zenyewe niliziacha pale pale.

Jioni ile nilisema yote niliyokuwa nayo na mengine niliyoyatunga papo hapo. Yeye alisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Mama watoto, naomba kitu kimoja. Asijue mtu. Wala ndugu, wala majirani, wala kanisani." Alivyoniangalia nilishindwa kukataa. Nikajiambia funika kombe mwanaharamu apite. Kumbe mwanaharamu mwingine hapiti, anavuta kiti anakaa sebuleni kwako.

Miezi ikaenda. Watoto wetu walikuwa shule za bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wawili na ule uongo wetu. Akakonda. Akaacha kubishana na taarifa ya habari, na mwanamume aliyeacha kubishana na redio ujue ana jambo. Asubuhi moja, akifunga vifungo vya shati, akasema kwa sauti ile ile ya kuulizia soksi, "Ningekuwa sipo, wewe na watoto mngepata nafuu."

Nilikuwa na pasi mkononi. Nikamwuliza amesema nini. Akasema hajasema kitu, akatoka. Siku hiyo nilichukua sumu ya panya iliyokuwa stoo nikaitupa chooni, na jioni nikamwambia panya wameisha. Tangu hapo kila alipochelewa kurudi nilisimama mlangoni, na kila alipotokea nilimgombeza kwa sababu nyingine kabisa, chumvi, viatu, chochote, ili asijue nilivyokuwa nimeogopa.

Mwisho nikaona nimfuate. Kazini nilisema nina malaria. Nikamfuata kwa mbali mpaka Kizota, kwenye karakana moja ambako Mjapani wa kujitolea alikuwa akifundisha vijana kuchomelea vyuma. Vijana walikuwa hawajafika. Nje ya mlango wa stoo niliona viatu vya mume wangu vimepangwa sambamba na jozi nyingine. Nikachungulia. Mume wangu na Mjapani walikuwa wamekaa chini, kila mmoja juu ya mto uliojazwa sufi, miguu imekunjwa, migongo imenyooka, wameelekea ukuta wa matofali usio hata na plasta. Nilidhani wameadhibiwa.

Nikasubiri. Baadaye Mjapani akagonga kikengele kidogo, wakainama, wakageuka, wakaniona. Mume wangu akawa mwekundu, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu. Nikamwamkia Mjapani, nikamwuliza wanafanya nini.

"Tunakaa," akasema.

"Mnangoja nini?"

"Hatungoji, mama."

"Sasa mtu akikaa hivyo anapata nini?"

Akafikiri kwa adabu kabisa. "Hapati kitu."

Nikamwambia huku kwetu mtu akikaa hangoji kitu wala hapati kitu, tunamwita mvivu. Mume wangu akacheka. Ilikuwa kicheko kifupi, karibu kikohozi, lakini sikuwa nimekisikia tangu mvua zilizopita, na nikawasamehe wote wawili pale pale.

Hivyo ndivyo nilivyoanza na mimi, siku za Jumamosi. Nilikwenda kumlinda mume wangu, nisijidai kwamba nilitafuta amani ya moyo. Njia ya Mjapani ndiyo ile wanayoiita Zen, na maelezo yake yanaisha kabla hujakaa sawasawa. Uti wa mgongo unyooke. Macho yasifungwe, yateremke tu ukutani. Mkono juu ya mkono, vidole gumba vigusane. Wazo likija usilikimbize, wala usilikaribishe chai. Ukipinda, alikuja nyuma yako taratibu akaunyoosha mgongo wako kwa vidole viwili, akaenda zake. Nilimwuliza maswali mengi. Alijibu machache na mengi akayachekea, na mimi mtu akichekea swali langu naona ananidharau. Ilinichukua muda kujua kwamba hakuwa na dharau hata chembe. Hakuwa na jibu, basi, na hakuona aibu kukosa jibu.

Rafiki yake alikuwa mzee wa Sri Lanka, mhandisi wa mradi wa visima, mpangaji wa Miyuji karibu na kwetu. Wote wawili ni Wabudha, lakini kwa namna ambayo mimi na Mkatoliki wa jirani ni Wakristo: tunaheshimiana na kila mtu ana kwake. Njia ya mzee inaitwa Vipassana, na yeye, tofauti na mwenzake, alipenda kueleza. Unafumba macho. Unaanza na pumzi inavyogusa puani, huibadili, unaijua tu. Akili ikishatulia, unaipitisha mwilini kuanzia utosini mpaka nyayoni, kila mahali unauliza pana nini: joto, mwasho, uzito, maumivu. Hukipendi wala hukichukii. Unakiona kinakuja, kinakaa, kinaondoka. Nilimwuliza kama hiyo ni dini, maana mimi ni mwanakwaya na mchungaji wangu ana masikio. Akasema kwake ni dini, kwangu inaweza kuwa kukaa tu na kujiangalia, na nikirudi kwaya nitaimba vizuri zaidi. Hilo la kuimba halikutimia.

Kwangu mimi njia ya mzee ilikuwa kama kuchambua mchele: unakaa na ungo, jiwe unaliona, pumba unaiona. Njia ya Mjapani ilikuwa kama ndoo ya maji ya kisima yenye tope. Huna la kufanya ila kuacha kuitikisa ndoo. Watu wangetegemea mimi mwenye maneno nimpende mzee wa maelezo, na kweli yeye ndiye aliyenifundisha kwamba hasira yangu huanzia masikioni. Ajabu ya Mungu! Miaka yote ile nilidhani inaanzia kwa watu wengine. Siku moja mkuu wangu wa kazi alinirudishia kurasa nilizopiga vizuri kabisa akisema ni chafu, na kabla sijafungua kinywa nikahisi masikio yanawaka moto. Nikayaangalia yakiwaka. Yalipopoa nikamjibu, kwa sauti ya binadamu, na yeye ndiye aliyeshtuka.

Hata hivyo ukuta niliupenda zaidi. Mbele ya ukuta sikutakiwa hata kuwa mwanafunzi mzuri. Kwa mzee nilikuwa nashindana na mwili wangu, nimefika gotini au bado. Kwa Mjapani sikuwa na pa kufika. Mtu aliyegombana na dunia tangu kwa mkunga, mwambie hana pa kufika uone atakavyopumua.

Tatizo lilikuwa mume wangu. Na yeye aliupenda ukuta, lakini niliona, mke huona, kwamba ameufanya maficho. Alirudi nyumbani ametulia, anaongea kwa upole, na kesho yake asubuhi anachukua mkoba na kuwaaga majirani anakwenda kazini. Kwa mzee wa Sri Lanka alikwenda pia, ila kila safari walipopita utosini, usoni, shingoni, na kufika kifuani, alifumbua macho, akaomba radhi, akaenda kunywa maji. Akirudi alikaa upande, amemaliza.

Nilipeleka mashtaka kwa wote wawili. Tulikuwa barazani kwa mzee, mume wangu amekwenda dukani. Nikasema, "Mwalimu, mume wangu amejificha kwenye ukuta wako."

"Najua," Mjapani akasema. "Namsubiri."

"Utamsubiri mpaka lini?" mzee akamwuliza. "Mtu mwenye mwiba humsubirii. Unamwonyesha ulipo."

"Anajua ulipo," Mjapani akasema. "Ukimsukuma, atakimbia."

Walibishana hivyo kwa upole mpaka nikaona uchungu. Nilitaka mmoja apige meza. Nikawaambia kile mume wangu alichosema siku ile ya vifungo vya shati, maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Nikaona macho ya mzee yamejaa maji. Ndipo wakakubaliana kitu kwa mara ya kwanza: tukae pamoja, siku ya mapumziko, asubuhi nzima, bila kusema neno mpaka kengele ya mchana. Nyumbani kwetu, si Kizota, kwa sababu nyumbani ndiko alikokuwa anadanganya.

Mume wangu hakukataa. Jumamosi ile tulitoa makochi na meza ya sebuleni tukaviweka uani, tukafagia, tukatandika mikeka. Redio tukaizima. Viatu vyetu wote vikabaki mlangoni. Ulikuwa mwezi wa saba na upepo wa Dodoma mnaujua, unaingia mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo nikajifunika khanga kichwani. Tukakaa. Baadaye tukatoka kutembea uani, ndiyo taratibu zao, watu wanne kwa mstari, hatua ndogo, vichwa chini. Mtu akapita njiani akatusalimia kwa Kigogo, "Mbukwa!" na hatukuitika. Tukarudi ndani.

Sasa mwenyeji yeyote anayesoma hapa ameshaelewa kilichokuja. Mimi na mume wangu, watu wazima wenye akili timamu, hatukuelewa.

Wa kwanza alikuwa mke wa jirani wa nyumba ya mbele, amekuja kuazima chekeche. Mwanamke mzuri, ila hamalizi sentensi bila kumtaja bwana wake na ofisi yake. Akapiga hodi. Nikanyamaza. Akapiga tena. Kutoitikia hodi nilijiona mchawi. Akasogeza pazia, akaona nyumba imetolewa makochi, watu wako chini kwenye mikeka, mimi na khanga kichwani, wageni wawili wameinamisha vichwa, na hakuna anayesema. Akaziba mdomo kwa kiganja, akarudi nyuma kwa kunyata.

Haukupita muda nikasikia mzigo wa kuni unatupwa uani kwetu. Halafu mabenchi yanaburutwa. Halafu mtu anapuliza moto na mwingine anaulizia sufuria kubwa. Wanawake wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakavua ndala, wakakaa mkekani pembeni yangu bila neno, maana mfiwa aliyezidiwa hasemeshwi. Mmoja akashika mkono wangu. Mwingine akanikumbatia kwa nyuma. Masikio yangu yalikuwa yanawaka, nikayaangalia, wala hayakupoa. Nilitaka kusema jamani hakuna msiba. Mjapani hakugeuka. Mzee wa Sri Lanka alifumbua jicho moja, akahesabu watu, akalifumba.

Nikamtazama mume wangu ili anipe ishara nivunje kimya. Hakuwa anatazama ukuta. Alikuwa amegeukia mlangoni, anawatazama wanaume waliokuwa uani kwake: jirani wa nyumba ya mbele, ambaye kila asubuhi walifuatana na mikoba yao mpaka barabara kuu, anachochea moto, mwalimu wa kwaya yangu anafunga turubai kwenye mlonge, mzee wa duka la pale kona, Mwislamu wa mjini tangu enzi za babu zake wa misafara, amekaa benchi la mbele na kofia yake, mikono juu ya fimbo. Wote walikuwa wameacha shughuli zao kuja kukaa kwake, na hakuna aliyekuwa amejua hata ni kwa ajili ya nani.

Ndipo nikaona. Msiba wake ungekuwa hivi hivi. Kuni zile zile, turubai lile lile, mikono ile ile mgongoni kwangu, ila pale alipokaa yeye pangekuwa patupu. Nikalia. Nililia kwa sauti, kimya chote kikavunjika, na wale wanawake waliokuwa wamejizuia kwa heshima yangu wakaona nimetoa ruhusa, wakaangua kilio nyumba nzima.

Mzee wa duka akasimama mlangoni, akangoja tupungue. "Poleni sana wenyewe," akasema. "Tumeona, tumekuja. Lakini tusamehewe, hatujajua. Nani aliyetutoka?"

Mchana ulikuwa bado, lakini Mjapani akagonga kikengele, mara moja, taratibu. Mume wangu akainuka. Mkono wake ulikuwa kifuani. Nilidhani anakwenda kunywa maji. Uongo ulikuwa mwepesi pale, angeweza kusema ni mazoezi ya afya, watu wangecheka, wangebeba kuni zao. Akaenda mpaka mlangoni akasimama mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

"Hajafa mtu." Akawageukia na wengine. "Nimepunguzwa kazini. Tangu mwaka jana. Kila asubuhi nawaaga nakwenda kazini, na siendi kazini. Naenda Kizota, nakaa. Hajafa mtu. Nisameheni, mmeacha kazi zenu."

Nikasema moyoni sasa wataondoka, na wakiondoka leo, huyu simpati tena. Niliwaangalia watu wale mmoja mmoja na nilikuwa tayari kumrukia wa kwanza atakayecheka.

Mzee wa duka akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mfiwa. "Pole sana," akasema. Kisha akageuka, akarudi benchini, akaketi. "Na huu si msiba? Tumeshakaa. Leteni uji."

Hakuna aliyeinuka. Mume wangu akashuka uani, akakaa chini kwenye mkeka wa wanaume. Wakaanza kumpa pole mmoja mmoja, na yeye akawa anaitikia, analia, anaitikia.

Zamu ya jirani wa nyumba ya mbele ilipofika, hakutoa mkono. Alibaki amechuchumaa kwenye moto, amemtazama.

"Na mimi," akasema.

Watu hawakumwelewa. Mume wangu naye hakumwelewa.

"Na mimi wamenipunguza. Kabla yako." Alisema huku anachokoa kuni. "Tukiagana pale barabarani, wewe unashika njia ya Kizota, mimi nakwenda stesheni. Nakaa na abiria mpaka jioni."

Mkewe alikuwa jikoni kwangu, anakoroga uji. Dirisha la jikoni liko uani, na alisikia kila neno. Akatoka na mwiko mkononi, uji unadondoka. Wanawake wote tulikuwa tumeshatokea barazani, na tulimtazama kwa hofu, mimi zaidi, kwa sababu nilijua ningesema nini kama ningekuwa yeye; nilishayasema yote jioni ile ya nyanya. Yeye alipita katikati ya watu, akafika kwenye mkeka wa wanaume, pahali ambapo msibani mwanamke haketi, akamshika mumewe mkono akamkalisha chini, akaketi pembeni yake.

Mume wangu akasogea kidogo ili wapate nafasi.